Pampu ya kisima inavuma lakini maji hayaji: mwongozo kamili wa kutafuta hitilafu na kuitengeneza mwenyewe

Jambo moja linajirudia mno. Mtu anakwambia pampu yake imekufa. Kapasita (kile kifaa cha umeme kinachoisaidia mota kuanza) ameshabadilisha, sili (kizuizi cha maji kati ya pampu na mota) ameshabadilisha, mwingine ameshanunua hata pampu mpya, na maji bado hayapandi. Ukimuuliza kama amelitazama bomba linaloshuka kisimani, anakujibu kwamba hilo ni zima, halijaguswa tangu siku lilipowekwa.

Basi ugonjwa mara nyingi uko hukohuko kusikoguswa. Mimi mwenyewe nililijua hilo baada ya kulipia kusukwa upya kwa mota ambayo haikuwa na kosa lolote. Nina kisima huku Madale, Dar es Salaam, bustani ya mchicha na matembele, na simtanki moja. Mota ilirudi kutoka kwa fundi inang'aa, nikaiwasha, ikavuma vizuri kabisa, na bomba likabaki kavu. Kosa lilikuwa kokoto moja kama punje ya choroko, imekaa chini kisimani inazuia valvu isifunge.

Mwongozo huu ni wa pampu inayokaa juu, kando ya kisima, ya umeme wa nyumbani, kuanzia nusu hospawa hadi hospawa moja. Ndizo zilizojaa Goba, Kinyerezi, Chanika, Kigamboni na kwingine ambako watu wanamwagilia kwa visima vifupi. Ya kuzamisha kwenye kisima kirefu nitaigusia kidogo mwishoni, kwa maana ina mambo yake.

Fuata hatua kwa mpangilio ulivyo, isipokuwa pale nitakapokwambia uruke. Zinaanza na zile zisizo na gharama, na kufungua pampu kumewekwa nyuma makusudi.

## Vitu vya kuandaa

- Malitimita ya kidijitali. Nunua yenye uwezo wa kupima kapasita. Utaitumia zaidi ya unavyodhani.
- Testa, bisibisi bapa mbili na ya nyota moja, spana za namba 8 hadi 17, na spana ya bomba.
- Tepu nyeupe ya kufungia mabomba, na gundi ya PVC kama mabomba yako ni ya PVC.
- Ndoo mbili za lita 20, moja iwe na maji safi tayari.
- Kamba ya mita 15 na jiwe dogo, pamoja na futi ya kupimia.
- Povu la sabuni ya kuoshea vyombo, na mswaki wa zamani.
- Msasa laini, mafuta ya kulainisha kutu, kitambaa kikavu.
- Balbu ya zamani ya waya (siyo LED) ikiwa kwenye holda yenye nyaya mbili. Ni ya kumalizia chaji ya kapasita.
- Simu yako. Kila unachokifungua, kipige picha kwanza.

Vipuri usinunue bado. Kariakoo na Gerezani haziondoki, na ukienda na kipuri kibovu mkononi utauziwa kinacholingana nacho. Ukienda na maelezo ya mdomo utarudi mara mbili.

## Kabla hujagusa kitu

Zima breka ya pampu kwenye boksi la umeme, kisha chomoa plagi. Zote mbili. Waambie walio ndani kwamba uko kwenye pampu, maana mtoto akiona breka imeshuka ataipandisha kwa nia njema. Kisha hakikisha kwa malitimita, kwenye nyaya zenyewe za pampu, kwamba umeme haupo.

Vaa viatu vikavu vya mpira. Sehemu ya kisima huwa na unyevu siku zote.

Onyo kubwa: usishuke kisimani. Si kufuata bomba lililodondoka, si kufuata valvu. Hewa ya chini inaweza kukosa oksijeni na usiione wala kuisikia harufu. Mtu anazimia kabla hajapiga kelele, na anayemfuata kumwokoa anazimia juu yake. Wala usiteremshe pampu ya petroli ndani ya kisima, moshi wake unaua kwa namna hiyohiyo. Kilichodondoka kivue kwa kamba na ndoano.

## Hatua ya 1: Isikilize, kisha uipange kwenye kundi lake

Iwashe kwa sekunde tano tu, ukae kimya.

Kama haitoi sauti yoyote, nenda hatua ya 2. Kama inaguna na shafti (mhimili wa mota) haizunguki, nenda hatua ya 3. Kama inazunguka vizuri lakini maji hayaji au yanakuja kidogo, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 4. Kama maji yanavuja kati ya pampu na mota, soma hatua ya 7. Kama inaangusha breka au inapiga shoti, ichomoe, usijaribu tena, na usome sehemu ya mwisho.

Kwa nini sekunde tano? Mota inayoguna bila kuzunguka inavuta umeme mwingi kuliko kawaida na inachemka upesi. Watu wengi wanaiacha igune dakika mbili nzima "labda itaanza". Hapo ndipo tatizo la kapasita linapogeuka kuwa tatizo la mota.

## Hatua ya 2: Umeme unafika?

Cheka ukitaka, lakini anza na LUKU. Halafu breka. Halafu floti ya simtanki, ile swichi inayoelea: kama tanki limejaa, au floti imenasa kwenye bomba la ndani, pampu haitawaka, na itakuwa iko sahihi.

Vikiwa sawa hivyo, pima volti kwenye tundu la plagi. Umeme wetu wa nyumbani ni volti 230, na ukicheza kati ya 207 na 253 hakuna neno. Kisha, kama unaweza kufanya hivyo kwa usalama, pima tena pampu ikiwa inajaribu kuwaka. Kipimo hiki cha pili ndicho chenye maana, na ndicho kinachorukwa. Tundu linaweza kuonyesha 225 likiwa halina kazi, likashuka hadi 180 pampu inapoanza.

Nguvu ya mota kuanza kuzunguka haishuki sambamba na volti, inashuka kwa mraba wake. Kwenye volti 180 inabaki kama asilimia 60 tu. Ndiyo maana pampu ileile inayowaka alfajiri inaweza kuguna tu saa moja usiku, wakati mtaa mzima uko jikoni na kwenye televisheni. Mwagilia asubuhi, umemaliza.

Angalia pia waya. Kisima kikiwa mita 40 kutoka kwenye nyumba na ukavuta waya mwembamba wa ekstensheni, umeme unapotea njiani. Tumia waya wa milimita mraba 2.5, wenye waya wa ardhi, na maungio yakae mahali pakavu.

Umefanikiwa ukiona: volti hazishuki chini ya 207 pampu ikiwa inafanya kazi.

## Hatua ya 3: Inaguna lakini haizunguki

Kama volti zinatosha (hatua ya 2), sababu kubwa ni mbili: shafti imenasa, au kapasita imechoka. Usianze na kapasita. Anza na mkono.

Umeme ukiwa umechomolewa, fungua kava la nyuma lenye matundu uone feni. Izungushe kwa kidole. Inapaswa kuzunguka kwa urahisi, pengine na mkwaruzo mdogo.

Ikigoma, pampu imeshika kutu. Huu ni ugonjwa wa Juni hapa Dar. Masika hatumwagilii, pampu inakaa Machi hadi Mei na maji kidogo tumboni, na zile ndogo za nusu hospawa zina nafasi finyu mno kati ya impela (kigurudumu cha ndani kinachosukuma maji) na kava. Kutu kidogo tu inatosha kuzigandisha. Kwenye pampu nyingi ncha ya shafti upande wa feni ina mfereji wa bisibisi bapa. Zungusha kwa bisibisi huku na huku, taratibu. Ikikataa, legeza bolti za kava la mbele nusu mzunguko kila moja, pulizia mafuta ya kutu, subiri robo saa, jaribu tena. Usivute majani ya feni kwa nguvu, ni ya plastiki na yanavunjika.

Kwa wenye visima vya maji ya chumvi, Kigamboni na ukanda wa pwani, hili litawarudia kila mwaka. Kabla ya masika kuingia, pitisha ndoo moja ya maji baridi yasiyo na chumvi ndani ya pampu, ichomoe, toa maji yote kwa kufungua kizibo cha chini.

Ikizunguka vizuri kwa mkono lakini kwa umeme inaguna, sasa ndiyo zamu ya kapasita. Iko ndani ya kiboksi juu ya mota.

Onyo: kapasita inaweza kubaki na chaji hata plagi ikiwa imechomolewa. Shika nyaya za holda ya ile balbu sehemu zenye ganda, ziguse miguu miwili ya kapasita kwa sekunde kadhaa, kisha pima kwa malitimita uhakikishe volti ni sifuri. Kuna mafundi wanaoigonga kwa bisibisi mpaka irushe cheche. Inaharibu kapasita na siku moja itakuchoma.

Chomoa waya wake mmoja, weka malitimita kwenye alama ya kapasita, linganisha na kilichoandikwa ubavuni. Ikiwa imeandikwa mikrofaradi 20 ikasoma 19, ni nzima. Ikisoma 12, imekwisha, hata kama kwa nje ni mpya inang'aa. Iliyovimba huna haja ya kuipima.

Badilisha kwa mikrofaradi zilezile na volti 450. Muuzaji akikwambia "weka kubwa kidogo, itakuwa na nguvu zaidi", mshukuru na uondoke. Kapasita kubwa kupita kiasi inaichemsha mota.

Umefanikiwa ukiona: pampu inawaka mara moja, bila kusitasita.

## Hatua ya 4: Inazunguka, maji hayaji. Ipe maji ya kuanzia

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu asiyeelewa jambo hili atahangaika na pampu maisha yake yote.

Pampu ya juu haivuti maji. Inachofanya ni kupunguza hewa ndani ya bomba, halafu uzito wa hewa ya nje, unaokandamiza maji ya kisima, ndio unaoyasukuma yapande. Ni kama kunywa dafu kwa mrija. Mrija ukiwa na tundu, utanyonya mpaka mashavu yaume na utapata hewa tupu. Na kama pampu haina maji tumboni, haiwezi hata kuanza kuitoa hiyo hewa, maana impela imetengenezwa kusukuma maji.

Kwa hiyo:

1. Zima umeme. Fungua kizibo cha juu cha pampu.
2. Mimina maji taratibu mpaka yafurike. Tikisa bomba kidogo, mapovu yatoke, ongeza tena. Bomba la mita 7 la inchi 1 linameza kama lita 3 na nusu, ukiongeza na tumbo la pampu. Kikombe kimoja hakitoshi.
3. Yakishafurika, subiri dakika tano bila kufunga kizibo. Tazama usawa wa maji.
4. Funga kizibo kwa tepu nyeupe. Fungua valvu ya upande wa kutokea. Washa.

Dakika tano zile ndizo kipimo chenyewe. Maji yakibaki palepale, bomba na valvu ya chini ni vizima, tatizo lilikuwa hewa tu na maji yatakuja ndani ya dakika moja au mbili. Yakishuka, yanarudi kisimani, na hakuna kapasita wala sili duniani itakayokusaidia. Nenda hatua ya 6.

Usiiache izunguke kavu zaidi ya dakika mbili. Sili inapozwa na maji yenyewe. Bila maji inaungua, na utakuwa umejiongezea kazi.

## Hatua ya 5: Pima maji yalipo, siyo kisima kilipoishia

Funga jiwe kwenye kamba, lishushe mpaka usikie limegusa maji, weka fundo usawa wa pampu. Pima.

Hapa tuko usawa wa bahari, na hewa ya usawa wa bahari inaweza kusukuma maji mpaka mita 10.3 hivi kama pampu ingekuwa kamilifu na bomba halina msuguano. Pampu halisi, bomba halisi: mita 7. Ukibahatika, 8. Ukipita hapo, hata pampu ya hospawa mbili haitafua dafu, kwa sababu kinachoinua maji siyo ukubwa wa mota. Hili ndilo linalowaumiza wanaokimbilia kununua kubwa zaidi.

Kisha pima mara ya pili baada ya kuchota maji kwa nusu saa. Visima vingi hushuka vinapochotwa. Kisima kilichokuwa na maji mita 5 mwezi Juni kinaweza kuwa mita 8 mwezi Februari, kabla mvua hazijaanza, na mwenye nyumba akasema pampu "imepungua nguvu".

Maji yakiwa kwenye kina kinachozidi mita 7, chaguo lako ni pampu ya kuzamisha, au ile ya mabomba mawili inayorudisha sehemu ya maji chini ili yasukume mengine. Ukiwa na sehemu imara ya kuishusha pampu karibu na maji, kama shimo lililojengewa kando ya kisima, mita moja tu inaweza kuleta tofauti. Shimo hilo liwe na njia ya maji ya mvua kutoka, usije ukaikuta pampu inaogelea.

## Hatua ya 6: Bomba la kuvutia na futivalvu

Sehemu hii isome mara mbili.

Futivalvu ni ile valvu ya mwisho wa bomba, ndani ya maji, yenye kichujio. Kazi yake ni kuruhusu maji yapande na kuyazuia yasirudi. Ikishindwa kufunga hata kwa upana wa unywele, bomba litakuwa tupu kila asubuhi.

Fungua yunioni (kiungo cha bomba kinachofunguka) karibu na pampu, vuta bomba lote nje. Bomba la poli ni jepesi na linapinda. La PVC linahitaji watu wawili, na usilikunje kwenye ukingo wa kisima.

Tazama kichujio kwanza. Tope, nyuzi za mizizi, vipande vya mifuko, vyote vitoe kwa mswaki. Kisha bonyeza kile kifuniko cha ndani kwa kidole: kinapaswa kurudi chenyewe kwa springi. Fungua, angalia mpira wake. Ukiwa umekauka, umepasuka au una alama ya kokoto, badilisha futivalvu nzima. Ya shaba hudumu kuliko ya plastiki, hasa kwenye maji yenye mchanga.

Sasa jaribio ambalo sijaona watu wakilifanya, nalo ni bora kuliko yote. Weka mwisho wenye futivalvu ndani ya beseni kavu chini, inua mwisho mwingine juu kadiri unavyoweza, kwenye ngazi au tawi la mwembe. Jaza bomba maji mpaka juu. Ondoka dakika kumi.

Beseni likilowa, futivalvu inavuja. Kiungo kikitoa jasho, umelipata tundu lako. Bomba linapokuwa kisimani huwezi kuliona hilo, kwa sababu kule kiungo kibovu hakitoi maji nje. Kinaingiza hewa ndani, kimyakimya.

Bomba lisipovuja popote, mvujo uko kwenye sehemu isiyotoka kisimani: yunioni, nipo (kipande kifupi cha kuungia), kona ya kuingilia pampuni. Rudisha bomba, jaza maji, washa, halafu paka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha upande wa kuvutia. Mahali povu linapofyonzwa ndani, ndipo hapo. Fungua, safisha nyuzi, zungusha tepu nyeupe mara nane hadi kumi kufuata upande wa kukazia, kaza. Usikaze kwa hasira, PVC inapasuka.

Unaporudisha bomba, zingatia haya:

Futivalvu ikae sentimita 30 hadi 50 kutoka sakafu ya kisima, isinyonye mchanga, na iwe imezama angalau nusu mita wakati maji yako chini kabisa.

Bomba lisiwe jembamba kuliko mdomo wa pampu. Mdomo wa inchi 1 unataka bomba la inchi 1 au zaidi. Mtu anayeweka la nusu inchi "kwa sababu lilikuwepo" ameinyima pampu pumzi.

Bomba lipande moja kwa moja kutoka kisimani hadi pampuni, lisiwe na mgongo katikati. Kwenye mgongo hewa hukusanyika na haitoki.

Usitumie mpira laini wa bustani upande wa kuvutia. Utajibana wenyewe kama koo la mtu aliyepaliwa, na nje utaonekana mzima.

Umefanikiwa ukiona: umezima pampu jioni, umeiwasha asubuhi, na maji yanatoka ndani ya sekunde chache bila kumimina chochote.

## Hatua ya 7: Sasa fungua pampu

Umefika hapa kwa sababu bomba ni zima, maji yako karibu, umeme unatosha, na bado maji ni machache, au kuna mvujo kati ya pampu na mota.

Kwanza chomoa bomba la kutokea, washa, uone maji mdomoni mwa pampu. Yakiwa mengi, pampu haina kosa. Tatizo ni vinyunyizio vilivyoziba mchanga, au umefunga vingi kuliko inavyoweza. Yakiwa kidogo, endelea.

Zima, chomoa plagi, maliza chaji ya kapasita. Toa maji kwa kizibo cha chini. Fungua bolti za kava kwa mshazari, siyo kwa kuzunguka. Piga picha.

Impela. Pampu ndogo ina duara la shaba lenye meno mengi madogo pembezoni. Itoe kwa bisibisi mbili zilizowekwa pande mbili zinazotazamana, ukiinua kidogokidogo, na uangalie kipande kidogo cha chuma kinachoifunga kwenye shafti kisidondoke mchangani. Meno yakiwa yamelika, au uso wa kava una mifereji kutokana na mchanga, nguvu haitarudi kwa kusafisha. Impela mpya itasaidia kama kava bado liko laini. Kava likiwa limelika nalo, hapo ndipo kununua pampu mpya kunapokuwa na hesabu nzuri.

Sili. Ina sehemu mbili. Moja nyeupe, ngumu kama kigae, imekaa kwenye nyumba ya pampu pamoja na mpira wake. Nyingine nyeusi ina springi, imekaa kwenye shafti. Nyuso hizi mbili zinasuguana na ndizo zinazozuia maji yasiende kwenye mota. Zitoe zote mbili hata kama moja inaonekana nzima. Nenda nazo dukani.

Kuweka mpya: safisha shafti kwa msasa laini, futa. Lowesha mipira kwa maji ya sabuni, usitumie grisi. Usiguse nyuso zinazosuguana kwa vidole. Ukizigusa, zifute kwa kitambaa safi. Sukuma kigae kikae bapa kabisa, kwa kubonyeza kwa kipande cha mti, usikigonge kwa nyundo. Kisha ya springi, kisha impela, kisha kava na gasketi yake.

Kaza bolti kwa mshazari huku ukizungusha feni kwa mkono. Feni ikigoma, umekaza upande mmoja zaidi. Legeza, anza upya.

Kabla hujafunga, angalia kama maji yaliyovuja kwenye sili yameshaifikia beringi, zile gololi zinazoshika shafti. Zungusha shafti usikie. Sauti ya kokoto ina maana beringi imekwisha, na sili mpya juu ya shafti inayotikisika haitamaliza mwezi. Beringi zina namba ubavuni, nenda nayo hiyo. Ila kuitoa kunahitaji kifaa chake cha kuvutia. Mimi hapo huwa nampelekea fundi.

Onyo moja ambalo halimo kwenye karatasi za dukani: hizi pampu ndogo za meno usizifungie njia ya kutokea zikiwa zinafanya kazi. Mota yake inazidi kulemewa kadiri maji yanavyozuiwa, tofauti na pampu kubwa ya impela ya kawaida. Kukunja mpira ili uhamie tuta lingine ni kuichosha mota. Zima, hama, washa.

## Hatua ya 8: Kipimo cha ndoo

Usiseme "imepona" kwa macho. Chukua ndoo ya lita 20, saa ya simu, jaza kwenye mdomo wa pampu. Sekunde 40 ni lita 30 kwa dakika. Sekunde 60 ni lita 20. Kwa pampu ya nusu hospawa inayovuta kutoka mita 5 au 6, ukikaa karibu na hapo shukuru Mungu. Ile namba kubwa kwenye kibati cha maelezo ya pampu hupatikana pampu ikiwa haina mlima wa kupanda.

Andika sekunde, tarehe na kina cha maji ukutani karibu na pampu, kwa rangi au penseli ya seremala. Rudia kila miezi mitatu. Sekunde zikiongezeka na kina hakijabadilika, mchanga umeanza kula impela. Vyote viwili vikiongezeka pamoja, ni kisima, pampu iache.

Iache ifanye kazi dakika 20, kisha iguse mota kwa nyuma ya mkono. Joto la kuvumilika ni kawaida. Ukilazimika kuuondoa mkono haraka, rudi upime volti.

## Ya kumwachia fundi umeme

Pampu inayoangusha breka au kupiga shoti usiichezee. Ukiwa umechomoa kila kitu, unaweza kupima kati ya waya wa moto na mwili wa mota kwa malitimita: ikionyesha njia iko wazi ni dalili njema, lakini haitoshi kusema ni salama, kwa sababu fundi hupima kwa volti 500 na kifaa chake maalumu, na mvujo mdogo huonekana hapo tu. Mwambie akiwa hapo aangalie waya wa ardhi kama kweli unafika ardhini, na akufungie breka ya kuvuja umeme ya miliampia 30. Hiyo ndiyo inayokata kabla moyo haujasimama. Ile breka ya kawaida inalinda waya, hailindi mtu.

Kama mota inanuka kuungua na koili zimekuwa nyeusi, uliza bei ya kusuka na bei ya pampu mpya siku hiyohiyo. Kwa nusu hospawa, kusuka mara nyingi hakulipi.

Kuhusu ya kuzamisha: hatua ya 2 inakuhusu yote, na kapasita yako huenda iko juu kwenye boksi la kuwashia, hivyo na hatua ya 3 itakufaa kwa sehemu hiyo. Kilichobaki kiko chini. Kabla hujaamua kuitoa, hakikisha iliteremshwa kwa kamba yake ya nailoni au waya wa chuma. Ikiwa ilining'inizwa kwa waya wa umeme, usiuvute. Ita watu wenye winchi.